GEF, Japan au Canada: kikundi chenu kikabishe hodi wapi?

Wadau, kila wiki lazima nipokee meseji ya aina moja: "Kaka, tuna kikundi, tuna wazo zuri, tuunganishe na mfadhili." Mfadhili wa kuunganisha sina jamani, mfukoni nina simu na funguo ya pikipiki basi. Nilichonacho ni kwamba nimesaidia vikundi kadhaa vya pwani ya Tanga kuandika maandiko ya mradi, machache yakapita, mengi yakarudi, na hayo yaliyorudi ndo yamenifundisha kuwa mara nyingi wazo halikuwa baya, tulienda kubisha mlango usio wetu. Kwa hiyo leo naiweka mezani milango mitatu ambayo kikundi cha kijijini au NGO ndogo inaweza kuifikia kweli: ruzuku ndogo za GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, zinazopita UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa (ruzuku hizi wengi wanaita SGP), msaada wa Japan wa ngazi ya jamii unaotolewa na ubalozi wao, na mfuko mdogo wa Canada unaoitwa CFLI.

Kwa nini hii midogo na sio ile mikubwa ya mamilioni ya dola? Mnajua hali ilivyo. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada, ilipofika Julai USAID ikafungwa rasmi, Uingereza nayo Februari mwaka huohuo ikatangaza itashusha misaada toka asilimia 0.5 ya pato lake mpaka 0.3 ifikapo 2027, na hapo ukumbuke toka 1970 pale Umoja wa Mataifa lengo lililowekwa kwa nchi tajiri ni 0.7, wanaolifikia unawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Sasa vikundi vyetu vingi vilikuwa vinaishi chini ya mwavuli wa shirika kubwa, shirika likitikisika na nyie mnalowa. Hii milango midogo ina faida moja, kikundi kinaomba chenyewe moja kwa moja, sio kupitia shirika la mwavuli linalokata chake kwanza.

Ili nisiongee hewani nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho. Kuna kikundi cha kina mama wa mwani, kijiji kimoja cha Mkinga, wako ishirini na kitu, mmoja wao ni kiziwi na mwingine anatumia kiti cha magurudumu, huyu haingii baharini ila ndo mweka hazina na hesabu zake hazina mchezo. Shida yao: mwani wa cottonii wenye bei unakufa, maji ya kina kifupi yanapata moto mpaka mmea unakuwa mweupe na kukatika, wamebaki na spinosum ambao bei yake ni ya kuchekesha. Wanakausha chini mchangani, mvua ikija ndo basi tena. Vigingi wanakata mikoko. Ukiwauliza swali la pili, mbali na mwani nini kinawauma, wote wanajibu kwa mpigo: zahanati haina wodi ya wazazi.

Watu wale wale, kijiji kile kile, lakini hayo ni maombi mawili ya milango tofauti. Wengi tunakosea hapo, tunaandika andiko moja refu lenye mwani, wodi, semina ya ujasiriamali na madawati, tunalituma kila mahali kama kadi ya mchango wa harusi.

Hela ngapi, na ni ya kununulia nini

Hizi ruzuku ndogo za GEF, yaani SGP, zilianza 1992, mwaka ule wa mkutano mkubwa wa Rio, sasa hivi ziko nchi zaidi ya 120. Kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa dola 50,000 kwa mradi, kwa hela yetu tuseme milioni mia na ishirini na ushee, ingawa usiende na hesabu ya kufika juu kabisa maana nyingi zinatoka chini ya hapo, nusu yake hivi. Inanunua nini? Mazingira, na hapa wako siriasi: viumbe hai na makazi yao, tabianchi, ardhi inayoharibika, maji ya mipaka ikiwemo bahari, kemikali. Kipato kinaruhusiwa lakini kiwe kimebebwa na mazingira. Yaani kina mama wetu wakiandika "tunaomba kamba na boti tuongeze uzalishaji" wamekwama, ila wakiandika kwamba wanaacha kukata mikoko kwa ajili ya vigingi, wanahamia maji ya kina kirefu kwa kutumia nyavu maana joto limeua mwani wa kina kifupi, wanaokota vipande vya tai-tai (vikamba vya plastiki vya kufungia mwani) vinavyobaki baharini, na wanapanda mikoko pale walipokata, hapo ni mradi wa GEF asilimia mia, na cottonii ikirudi na bei ikipanda ni sawa tu, hakuna anayewakatalia kula. Wala sio ujanja, ndo ukweli wenyewe wa shida yao, ila hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba ukweli huo una mfuko wake.

Japan ni habari nyingine. Wenyewe wanaita Kusanone, maana yake mizizi ya nyasi, wana utaratibu huu toka 1989, na ukomo kwa miaka mingi ulikuwa yen milioni 10 kwa mradi, kwa viwango vya miaka hii ni kama dola elfu sitini na kitu, yen inapanda na kushuka kwa hiyo usiipigie bajeti ya shilingi mpaka mwisho. Hii ni hela ya vitu unavyoweza kuvigusa: madarasa, bweni la wasichana, zahanati, kisima, vifaa vya hospitali. Mishahara hailipi, mafuta ya gari hailipi, karatasi za ofisi hailipi, uendeshaji wote ni juu yenu na watawauliza kabisa mtauendesha kwa nini. Biashara na mtu binafsi hawapati. Kwa hiyo stoo ya kuuzia mwani mimi nisingeipeleka pale, lakini wodi ya wazazi? Imeandikwa jina lao.

Canada hela yao ni ndogo kuliko zote kwa wastani, miradi mingi inacheza kwenye dola za Canada elfu ishirini na tano hadi thelathini, ukomo 100,000 ila huo ni wa kusikia. Dola ya Canada sio ya Marekani jamani, nimeona bajeti ya watu imekokotolewa kwa dola isiyo yenyewe na ikabidi waanze upya usiku wa mwisho. Faida yake ni kwamba inalipa vitu laini ambavyo Japan haigusi: mafunzo, mikutano, mkalimani, nauli, hata posho ya mtu anayefanya kazi ya mradi wenyewe. Vipaumbele vyao wanavitangaza kila mwaka, usawa wa kijinsia haukosi, haki, mambo ya tabianchi, amani. Kina mama wetu wangeweza kwenda pale na kitu kama haki ya wanawake kutambuliwa kwenye maeneo ya bahari wanayolima, maana saa hizi wawekezaji wanakuja na ramani zao na mwanamke wa mwani hana hata karatasi moja inayosema hapa ndipo ninapolima.

Karatasi

Hapa ndo vikundi vinafia, acha niseme taratibu.

SGP ndio rafiki zaidi. Kikundi cha kijamii kilichosajiliwa halmashauri, chenye katiba, viongozi na akaunti ya benki, kinaingia. Utaratibu wao wa dunia nzima unaruhusu andiko kwa lugha ya wenyeji, na sehemu nyingine mpaka video au picha kwa watu ambao kuandika sio kazi yao, japo ongea na mratibu wa nchi kwanza kabla hujajirekodi. Kuna hata kahela kadogo ka kuandalia andiko lenyewe kwa kikundi chenye wazo zuri kisichojua kulipanga. Anayeamua sio bosi mmoja, ni kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wengi wake hawatoki serikalini, na wanajitolea. Wanataka mchango wenu, lakini nguvukazi, eneo, miche, chakula mlichopikia siku ya kupanda mikoko, vyote vinahesabika. Kina mama walipoambiwa waorodheshe mchango wao wakasema hawana kitu. Tukakaa tukahesabu siku za kazi za watu ishirini na kitu kwa miezi kumi na minane, mweka hazina akapiga kalkuleta mara mbili akidhani imeharibika.

Kwa Japan jiandae na kotesheni, karatasi za makadirio ya bei. Tatu, kwa kila kitu, toka kwa wauzaji au wakandarasi watatu tofauti. Ukiwa Dar ni kazi ya asubuhi moja, ukiwa Mkinga ni safari. Muuzaji wa kwanza anakupa vizuri, wa pili anakuuliza "kwani unanunua au hununui?", wa tatu anakuandikia kwenye karatasi isiyo na TIN wala mhuri. Usimruhusu fundi mmoja akuletee zote tatu kwa mwandiko ule ule, nimeshaona, na wanaozisoma nao sio watoto. Juu ya hapo wanataka ushahidi kwamba ardhi ni ya nani, michoro, barua za idara husika, na watakuja kupaona mahali penyewe kabla ya kukubali kitu. Mkipita mnasaini mkataba, hela inakaa akaunti yake peke yake, na mkitaka kubadilisha hata kitu kimoja kwenye bajeti mnaomba ruhusa kwanza, sio mnanunua kisha mnaeleza. Kubwa la yote: mwombaji anaweza kuwa NGO, shule, hospitali au halmashauri yenyewe. Kwa hiyo kwenye wodi ya wazazi kikundi cha mwani sio mwombaji, mwombaji ni halmashauri, na kazi ya kikundi ni kumfuata mganga mkuu wa wilaya mpaka achoke. Hilo watu hawalipendi maana hela haipiti kwenye mikono yao. Lakini halmashauri ndio itakayopeleka muuguzi, na wodi isiyo na muuguzi ni chumba cha popo.

Canada fomu yake ni ya Kiingereza au Kifaransa, basi, hakuna namna. Na dirisha lao linafunguka mara moja kwa mwaka, wiki chache tu, halafu mradi wenyewe kwa kawaida lazima uishe kabla mwaka wao wa fedha haujafungwa, mara nyingi mwisho wa Februari. Hesabu: mpaka usaini mkataba ishakuwa katikati ya mwaka au zaidi, kwa hiyo una miezi michache kufanya kila kitu na kuleta risiti. Kama mradi wako unategemea msimu, mathalani kupanda kitu na kusubiri kiote, hapo kalenda itakuua. Kama ni mafunzo na mikutano, inawezekana kabisa. Kitu ambacho mimi nakipenda kwao ni kwamba lazima uoneshe uliongea na wanawake au wasichana wakati unaandaa wazo, sio baadaye. Ukiandika "tutawashirikisha wanawake" umeshachelewa.

Hiyo "jumuishi" wanayoisema wote

Wote watatu watakwambia jumuishi. Toka Malengo 17 yapitishwe 2015 hakuna karatasi ya mfadhili isiyokuwa na maneno ya kutomwacha mtu nyuma, na hakuna andiko letu lisilojibu kwa sentensi ile ile ya "mradi utazingatia wanawake, vijana na watu wenye ulemavu". Tumeikopi mpaka imechakaa. Mimi siku hizi siisomi hiyo sentensi, naruka moja kwa moja kwenye bajeti, na naangalia kalenda ya mikutano.

Kalenda kwanza. Kuna shirika moja, silitaji na wala sio kati ya hawa watatu, walikuja kufanya mkutano wa kusikiliza maoni ya wakulima wa mwani. Wakapanga siku kutokana na ratiba ya gari lao. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yametoka mpaka kule, kila mwanamke yuko shambani kwake baharini maana siku hizo ndo za kazi, ukizikosa unasubiri tena. Wakaja wanaume wanane na mtendaji. Ripoti ikaandikwa "wakulima walishirikishwa kikamilifu", na picha zipo, viti vya plastiki, maji ya chupa, na nyuma yao kwa mbali baharini unaona vidoti vidogo vya kanga vimeinama. Mkutano wa wanawake wa mwani unafanywa maji mafu, siku ambazo maji hayatoki mbali, kitoto cha darasa la tatu pale kijijini kinalijua hilo. Hapa SGP ina unafuu kwa sababu mradi ni wenu, mnapanga kalenda yenu wenyewe, na unaweza kudumu mwaka au zaidi, kwa hiyo mnaenda na bahari badala ya kwenda na gari.

Bajeti sasa. Mwanachama kiziwi alikuwa anahudhuria vikao miaka miwili akikaa pembeni ya shoga yake anayemtafsiria kwa ishara zao za nyumbani. Tukiandika andiko nikauliza, mkalimani wa lugha ya alama tunamweka wapi? Mwenyekiti akasema, "Mwanangu, hiyo hela si bora tununue kamba?" Mweka hazina, yule wa kiti cha magurudumu, akamjibu kabla yangu: "Na mimi mkinibeba kunipandisha ofisini mnasema si bora tununue kamba?" Kikao kikakaa kimya kidogo. Mkalimani akaingia kwenye bajeti, siku sita. Kwa Canada mstari kama huo unakaa vizuri kabisa, SGP pia unakaa ukiuunganisha na mafunzo, kwa Japan haukai, sio kwamba hawajali, hela yao tu sio ya hivo.

Ila Japan ina kitu ambacho wengine hawana, ile jengo ikishasimama imesimama, na kama umeiweka rampu (njia ya mteremko ya kupandishia kiti cha magurudumu) kwenye mchoro basi rampu itakuwepo miaka thelathini. Sharti uiweke sawa. Mchoro wa kwanza wa wodi fundi aliweka rampu ya mita moja na nusu kwenye msingi wa sentimita sitini. Mweka hazina akaiangalia karatasi akacheka, akasema hiyo ni ya kushushia mchanga, mtu haipandi. Kipimo kinachotumika sana ni moja kwa kumi na mbili, yaani kwa sentimita sitini unahitaji mita saba na sentimita ishirini, na kwa hiyo ikabidi mlango wa mbele uhamishwe. Fundi alinuna. Lakini fikiria tungeligundua hilo baada ya kumwaga zege, na bajeti ishafungwa, na kila badiliko ni barua ya kwenda Dar.

Kwa hiyo uchague vipi

Mimi ningeanza kwa kuuliza nani kwenye kikundi ataandika ripoti, sio nani ataandika andiko. Andiko hata mimi nitawaandikia, ripoti ya robo mwaka ya pili, mvua inanyesha, katibu kaolewa kahamia Muheza, hiyo nani? Kama jibu ni "tutaona", msiende Canada, muda wao hauna nafasi ya kuona. Nendeni SGP, hela inakuja kwa awamu kutokana na ripoti kwa hiyo mkichelewa mnachelewa, lakini mratibu unaweza kumpigia simu ukamweleza.

Kama mnachotaka kina ukuta na bati, ni Japan, na kama ardhi haina karatasi au ina ugomvi, msianze chochote mpaka hilo liishe, hata mwaka mzima. Kama mnachotaka ni watu kujua haki yao, kupata sauti mbele ya halmashauri au mwekezaji, na mna NGO yenye mtu anayeandika Kiingereza bila kuhangaika na hesabu zilizonyooka, Canada ni nzuri kuliko inavyosifiwa. Na kama mnachotaka ni mtaji wa biashara tu, duka, bodaboda, mashine ya kusaga, acheni kuwasumbua hawa wote watatu, ipo ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne kwa wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ilisimamishwa 2023 ikarudi mwaka uliofuata na utaratibu mpya. Ule ni mkopo jamani, hauna riba lakini ni mkopo, msiutie kwenye sentensi moja na ruzuku.

Kuomba milango miwili kwa wakati mmoja inaruhusiwa, mradi msiombe kitu kile kile mara mbili na mseme wazi kwenye fomu. Kuficha ndo kosa, maana hawa watu wa balozi na mashirika wanajuana, wanakunywa chai pamoja.

Kina mama wa Mkinga wamechagua SGP kwa mwani, andiko liko tayari, tunasubiri dirisha litangazwe. Canada tumeiacha mwaka huu, mwakani labda. Wodi iko kwa halmashauri, mganga mkuu amekubali kusaini barua, kotesheni mbili ziko safi na ile ya tatu ndo haina mhuri, kwa hiyo Jumatatu nitakuwa Tanga mjini tena, na kama kuna mtu anamjua muuza vifaa vya ujenzi anayetoa karatasi kamili bila kununa, aniandikie.